Hesabu ya Mwaloni

Nimestaafu, nipo nyumbani Isevya, Tabora, na sikukusudia kuandika chochote. Ziwa Tanganyika ndilo lililonitoa. Serikali ilipolifunga kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sikuwa na ugomvi na uamuzi huo. Ziwa lilihitaji kupumzika. Ila simu zilianza kunijia kutoka Kigoma, na wote walionipigia walikuwa na swali moja: nani kaandikwa? Mvuvi ana leseni, chombo kina namba. Mama anayeanika dagaa, kijana anayemchotea maji, mpishi wa kambi, hao wamo katika daftari lipi? Swali hilo ndilo lililokula maisha yangu ya kazi, na nina la kusema.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa mtengeneza njia, mama akiuza dagaa wa Kigoma sokoni Tabora. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ikafuata uelekeo uleule. Kwa hiyo sisi ziwa hatukuliona, tulilila. Magunia yalishuka stesheni alfajiri, mama akiyapima kwa macho na kutaja yalikoanikwa: haya ya mchangani, haya ya juu ya majani. Nilisoma, nikapata nafasi Chuo cha Uvuvi Nyegezi, Mwanza, kisha nikapangiwa Kigoma, upande wa takwimu. Wenzangu waliopangiwa doria walinionea huruma.

Aliyenifunza kazi hakuwa na cheti. Alikuwa mzee wa Kimanyema wa Ujiji, mwandikishaji tangu ujana wake, mwenye hati ya mkono iliyonyooka kuliko mashine ya chapa. Sisi wengine mwaloni tuliitwa Bwana Samaki. Yeye aliitwa Mzee tu, na akina mama walimsimamia njiani kumweleza habari za watoto wao. Nilimkuta katika miaka ya mradi wa utafiti wa ziwa, ule wa FAO kwa fedha za Finland, ulioanza mwaka 1992 na makao yake Bujumbura. Mwaka 1995 mradi huo uliendesha sensa ya uvuvi kwa wakati mmoja katika nchi zote nne: Tanzania, Burundi, Zaire kama ilivyoitwa, na Zambia. Ziwa lina urefu wa kilometa zipatazo 670. Ilipatikana mialo karibu 800 na wavuvi wapatao 45,000. Ni kazi kubwa, na hadi leo takwimu hizo ni msingi ambao wengi wetu tunaanzia.

Mzee aliiheshimu sensa hiyo, na alikuwa na neno lake juu ya sensa zote. Alisema fomu imejengwa juu ya mtumbwi. Inauliza chombo, injini, wavu, taa, halafu wanaume waliomo ndani ya chombo. Chombo kikishapaki, fomu imekwisha. Lakini dagaa hawajaisha hapo. Wako kwenye beseni, wananunuliwa, wanaoshwa, wanaanikwa, wanageuzwa, wanafungwa, na kila hatua ina mikono ya mtu, mara nyingi ya mwanamke.

Ugomvi wake na ofisi ulikuwa juu ya mwezi. Vipe vya Kigoma, vyombo vya kuvulia dagaa, huvua usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Dagaa hufuata mwanga, na mwezi ukishajaa, taa haina nguvu. Wavuvi hupumzika siku kadhaa. Mkubwa mmoja ofisini, ambaye simtaji, alitaka siku zote tuhesabu wakati wa mbalamwezi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: vyombo vyote viko nchi kavu, unavigusa kimoja kimoja, hakuna kinachohesabiwa mara mbili, na mafuta ya boti yanatosha. Mzee akamjibu mbele yetu kwa upole: "Mwanangu, utahesabu mbao. Watu hutawakuta."

Na ndivyo ilivyo. Mbalamwezi ikifika, wafanyakazi wa vipe waliotoka Burundi na Kongo wanakwenda kwao. Waanikaji wanapanda kwenda mashambani au wanasafirisha mzigo. Choo ambacho wakati wa giza kina foleni kinakuwa kitupu, bomba linatosha, zahanati haina mgonjwa. Ukiandika siku hizo, kijiji cha wavuvi kitaonekana kimetosheka. Mzee alitaka safari mbili: mbalamwezi kwa vyombo, giza kwa watu. Na ile ya giza ianze alfajiri, vipe vinaporudi, kabla jua halijakausha mchanga.

Alikuwa pia na namna yake ya kuuliza. Hakumwuliza mwenye chombo ana wavuvi wangapi, maana swali hilo linanusa kodi na jibu linapunguzwa. Alikwenda kwa mpishi: "Mama, leo umepika ugali wa wangapi?" Kisha kwa mwanikaji: "Hawa unaowaanika ni wa chombo gani, na nani anakusaidia?" Majibu hayo mawili yakiwekwa pamoja, idadi ya watu wa kipe inajitokeza bila mtu kuogopa. Nimeitumia njia hiyo kutoka Kagunga hadi Kasanga na sijaona inayoishinda.

Safari ya pili haikukubaliwa. Ilisemwa ni gharama. Tulipokwenda kwa hiari, tukaongeza safu za waanikaji na za huduma kwa kalamu pembeni mwa fomu, taarifa ilirudi imechapwa bila safu hizo. Kuhusu vyoo yalibaki maneno mawili tu, kipo au hakipo. Mzee alistaafu mwaka uliofuata.

Nataka vijana walielewe hili la vyoo, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mwezi Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko waliingia Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, ukanda mwembamba kati ya mlima na ziwa, ambako wakati ule usafiri ulikuwa wa boti. Walifika makumi ya maelfu. Kipindupindu kikalipuka, ndani ya majuma machache wagonjwa walifika 3,000 na watu zaidi ya 30 wakafa. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowavusha watu hadi Kigoma, mamia kwa mamia. Sisemi safu moja ya fomu ingezuia msiba ule. Nasema kwamba siku ile kila aliyekuwa akipanga msaada alihitaji kujua: matundu mangapi, maji yanatoka wapi, boti ngapi zinaweza kubeba wagonjwa, watu wangapi walikuwapo kabla ya wageni. Neno "kipo" halimjibu mtu huyo.

Kisha ziwa likapanda. Mwaka 2020 na 2021 maji yalikula fukwe, na watu wa Kibirizi, Kigoma, walishuhudia soko lao likiingiliwa. Choo kilichojengwa ufukweni kikizama, katika daftari bado kipo, hadi atakapokwenda mtu kukiona. Serikali na wafadhili walijenga mialo ya kisasa Kibirizi, Muyobozi, Ikola na Kirando, na ni jambo jema. Lakini jengo la kupokelea samaki ni mwanzo tu wa takwimu. Milango inafunguliwa na nani? Umeme unafika saa ngapi? Vichanja vinawatosha waanikaji wangapi, na waliobaki wanaanika wapi?

Ziwa Victoria wametutangulia kidogo. Tangu mwaka 2000 Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikihesabu pamoja chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja. Mara ya kwanza ilipatikana mialo karibu 1,500 na wavuvi zaidi ya 129,000. Fomu zao huuliza pia maji, vyoo, umeme, barabara ya kupitika mwaka mzima. Nilizisoma kwa wivu. Hata hivyo mwanamke wa dagaa wa Victoria naye alibaki pembeni, mpaka mwaka 2019 wanawake wa uvuvi wa Tanzania walipounda chama chao cha kitaifa, TAWFA. Mzee angefurahi.

Siku hizi vijana wana vishikwambi. Navipenda. Kishikwambi kinaweka mahali pa mwalo kwenye ramani bila kubahatisha, na hakiloani kama karatasi zetu. Lakini nimewaona wakishuka kwenye gari saa nne asubuhi, wakimtafuta mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, wakajaza yote wakiwa wamekaa kivulini kwake, na saa sita wamekwisha ondoka. Vijana wangu, mwenyekiti ana chombo. Atawaambia ya vyombo. Amkeni saa kumi na moja, mshuke mchangani, msaidieni mama kugeuza dagaa huku mnauliza. Na mkishaandika, rudini mkasome hadharani. Mzee alikuwa akisoma idadi yote kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, na watu walimsahihisha pale pale: huyu kahama, kisima hiki kimekauka, wewe Mzee umewasahau akina mama wa upande wa mto. Takwimu ambayo wenyewe hawajaisikia siiamini, hata ikiwa na ramani ya rangi.

Yule mkubwa wa mbalamwezi tulionana mwaka jana stesheni ya Tabora. Amezeeka, nami nimezeeka. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto, halafu akaniambia kwamba bado anaona safari moja ilitosha. Nikamwuliza: ziwa lilipofungwa, ungetumia orodha gani kuwapelekea waanikaji wa Katonga, Kigoma, unga wa miezi mitatu? Akasema hilo si kazi ya takwimu za uvuvi. Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe, na treni ikaja tukiwa bado tunabishana.