Luthuli, mtaa wa kufufua tarakilishi

Anayeshuka barabara ya Luthuli jijini Nairobi kuelekea River Road hupokewa na muziki kabla ya kupokewa na watu. Kila duka la redio na televisheni hufungulia spika zake hadi mwisho. Mwaka wa 2019 barabara hii ilikarabatiwa, magari yakaachiwa upande mmoja na waendao kwa miguu wakapanuliwa njia. Jina lake ni la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani ya 1960. Hata hivyo, wengi hawaji huku kutafuta historia. Huja na vyombo vibovu makwapani.

Nami nilikuwa mmoja wao. Kipakatalishi changu kilikuwa kimezidi uzembe, nikanunua diski mpya, ile isiyo na kisahani cha kuzunguka. Nikanakili vitu vyangu, nikashika bisibisi na kuipachika mwenyewe. Nilipowasha, kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja tu wa Kiingereza ukinieleza kwamba hakuna diski ya kuwashia. Nilihisi baridi mwilini. Picha za marehemu baba zilikuwa humo, na kwingine sikuwa nazo.

Nilipanda ngazi nyembamba hadi ghorofa ya pili, kwenye ukumbi uliogawanywa kuwa vibanda vya vioo. Fundi, kijana mpole, aliniuliza kabla ya kugusa chochote:

"Dada, ile ya zamani iko wapi?"

Niliona haya. Ilikuwa mkobani. Nilikuwa nimekusudia kuifuta na kuiuza papo hapo mtaani ili kufidia gharama.

"Shukuru Mungu hukuifuta," akasema.

Aliirudisha, na mashine ikawaka. Basi mashine ilikuwa nzima. Akaipachika mpya, akabonyeza F2 na kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio. Jina la diski likaonekana. Basi nayo haikuwa mbovu, wala haikukaa vibaya.

"Ulinakili nini, dada?"

"C yote, fundi."

Akacheka. Kumbe kando ya C kuna kisehemu kilichofichwa, mara nyingi cha megabaiti 100 tu, ambacho mashine hukisoma kwanza ili ijue pa kuanzia. Nilikuwa nimehamisha vyombo vyote vya nyumba na kuusahau ufunguo.

Alinakili diski nzima upya, na kazi hiyo ikachukua zaidi ya saa moja. Muziki wa chini ulibadilika mara nyingi nikiwa nimekodolea macho kioo. Hatimaye kikang'aa, na baba akatokea na koti lake la kijivu, akitabasamu.

Msomaji, siku utakapobadilisha diski, nakili yote, na ile ya zamani iweke kabatini hadi uhakikishe mpya inafanya kazi. Wahenga hawakuziona tarakilishi, lakini walituonya mapema: usiache mbachao kwa msala upitao.