Mbao haikunjwi kwa haraka

Ukimwambia mtu wa Thika kuwa kuna nyumba inayotembea barabarani, atakuuliza umekunywa nini. Nyumba tunayoijua sisi ina msingi na mabati. Lakini ng'ambo mambo haya si mageni. Kule Marekani, kampuni ya Airstream imekuwa ikiunda nyumba za kukokotwa na gari tangu miaka ya 1930, na wapo matajiri wanaonunua basi zima na kuligeuza kasri.

Sasa anasa hiyo imebisha hodi Ruiru. Katika karakana moja huko, mfanyabiashara mstaafu ameleta basi kuukuu la abiria 33. Ameagiza viti ving'olewe, na mahali pake pawekwe vitanda viwili, jiko, na kabati za mbao zilizopinda kufuata umbo la gari. Gharama yake ingejenga nyumba ya vyumba viwili kijijini, na bado chenji ibaki.

Mmoja wa vijana wanaotengeneza kabati hizo ni mpwa wangu, na hapo ndipo kisa kilipoanza. Kijana huyu alimaliza kidato cha nne, akalipiwa karo ya chuo cha biashara, akahudhuria muhula mmoja tu na kuhamia karakanani. Mamake, dada yangu mkubwa, hakupata usingizi.

"Ndugu yangu," aliniambia, "nilimsomesha aje kupaka gundi? Nenda ukaseme naye. Samaki mkunje angali mbichi, na wewe ndiwe mjombake."

Nilikwenda Jumamosi moja nikiwa na hotuba tayari mdomoni. Mpwa wangu alinisalimu kwa heshima, kisha akaniomba nisubiri kidogo kwa kuwa mbao ilikuwa kwenye mvuke. Nikasubiri, na hapo nikajifunza mengi.

Kwanza, kabati za gari hazipindwi kwa sababu ya urembo pekee. Gari hufunga breki ghafla na hupita kwenye mashimo. Pembe kali ya kabati inaweza kumpasua mtu kichwa. Tena ubavu na paa la basi vimepinda, hivyo kabati iliyonyooka hupoteza nafasi nyingi.

Pili, kuna njia tatu za kupinda. Plaiwudi huchanjwa kwa msumeno upande wa nyuma, mistari iliyokaribiana, nayo hulegea na kukubali kupinda. Njia nyingine ni kubandika vipande vyembamba kwa gundi, kimoja juu ya kingine, na kuvibana kwenye kalibu. Ya tatu ni mvuke: ubao huwekwa ndani ya sanduku lililofungwa, kiasi cha saa moja kwa kila inchi ya unene, kisha hutolewa mbio na kukunjwa kabla haujapoa. Ubao uliokaushwa kwenye tanuri hauifai sana kazi hii, kwani huvunjika upesi.

Mkuu wa karakana ni mzee aliyeanza kazi enzi za matatu zilizokuwa pikapu zenye mabenchi ya mbao. Alipoona ninavyoshangaa alicheka.

"Mwalimu, kukunja kila mtu anaweza," alisema. "Kazi ni kungoja. Ukifungua klampu mapema, ubao unarudi ulivyokuwa. Ukiulazimisha, unasikia kah! Umebaki na kuni."

Hotuba yangu ilinikwama kooni. Methali ya dada yangu ni ya kweli, lakini inasimulia nusu tu ya kazi. Samaki hukunjwa mara moja. Mtoto, kama ubao, anataka joto kwanza, kisha kushikiliwa kwa muda mrefu.

Hata hivyo, hofu ya dada yangu si ya kupuuzwa. Kazi ya karakana huja kwa oda. Mteja wa basi akiondoka, hujui wa pili atakuja lini. Hakuna pensheni, na fundi asiye na cheti hudharauliwa na kila anayepatana naye bei. Haya nilimwambia mpwa wangu waziwazi, naye hakubisha.

Tulikubaliana mambo mawili. Atafanya mtihani wa ufundi wa NITA, ambao humpa cheti hata mtu aliyejifunzia kazi mikononi, akianzia Daraja la Tatu. Pia atatembelea viwanda vya magari vilivyo karibu. Thika kwenyewe kuna KVM, kiwanda kilichoanza mwaka wa 1974 kikiitwa Leyland Kenya, ambacho sasa huunganisha hata mabasi ya umeme. Mwenye mkono mzuri hapaswi kutegemea tajiri mmoja na basi lake.

Dada yangu amekubali kwa shingo upande. Amesema atamngojea mwanawe mwaka mmoja. Mimi naona mwaka ni mfupi, lakini ni afadhali kuliko kumfukuza nyumbani.

Mzazi mwenzangu, ikiwa mwanao amechagua randa badala ya kalamu, kabla hujamfokea nenda ukasimame kwenye maranda nusu siku umtazame akifanya kazi. Ukiona anazembea, mkemee. Ukiona anaujali ubao ulio mbele yake, mtafutie cheti, mlipie nauli, na uwe na subira.