Mkunga na Paka Wake

Wazee husema jina la Bagamoyo latokana na kubwaga moyo: wapagazi walipofika pwani walitua mizigo na mashaka yao. Lakini katika Mji Mkongwe huo, bibi mmoja mkunga alishindwa kuubwaga wake.

Paka wake aligongwa na pikipiki akiwa mdogo, mifupa ya nyonga ikaungana kombo. Uzazi wa kwanza nusura umuue: alisukuma kutwa, mwana wa kwanza akatoka mfu, wa pili akavutwa kwa vidole vya bibi. Sasa chuchu zilianza kubadilika rangi. Huenda ilikuwa mimba, huenda siyo. Mimba ya paka huchukua siku 63 hivi, na kabla ya wiki ya tatu hata mkono wa daktari wa mifugo hauna hakika.

Daktari alishauri atolewe kizazi mapema, kabla mishipa ya damu haijatanuka; kama vimo vitoto, vitatoka pamoja nacho.

Majirani walimwambia, “Mwachie Mungu, bibi.” Naye alijua kwamba kumwachia Mungu hakujapata kumzuia kuchemsha maji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mkunga ameusikia usiku mwingi. Kanuni yake ilikuwa moja: mama kwanza.

Alfajiri alimtia paka kikapuni, akamfunika kanga, akapanda basi la Dar es Salaam. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kuzuia uzazi, na mikono ilimtetemeka kama ya mwanagenzi.