Stara na Sifuri

Katika jedwali la misimbo ya magonjwa tunalolitumia Dubai, ugonjwa wa Crohn ulioshika utumbo mpana huandikwa K50.1, kisha huongezwa tarakimu ya kueleza kama umeleta matatizo mengine. Ikiwa haukuleta, huwekwa sifuri: K50.10. Ikiwa umeleta, huwekwa moja, na tarakimu nyingine hutaja tatizo lenyewe: 1 ni kutokwa na damu kwenye njia ya haja kubwa, 2 ni kuziba kwa utumbo, 3 ni nasuri, 4 ni jipu. Kazi yangu ni kusoma majalada ya wagonjwa na kuyageuza kuwa misimbo hiyo, na katika jedwali zima hakuna alama inayonifikirisha kama ile sifuri. Maana yake si kwamba hatujui kama kuna tatizo; maana yake ni kwamba tatizo halipo. Daktari akiandika jina la ugonjwa tu na kunyamazia mengine, jedwali huupokea ukimya wake kama ushahidi wa usalama.

Asili ya majedwali haya ni orodha ya sababu za vifo ambayo Jacques Bertillon, mtakwimu wa Ufaransa, aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Maiti haoni haya, wala hakuna wa kumkalimania. Siku hizi orodha hiyo imekuwa Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, na Dubai hutumia toleo lake la kumi kama lilivyopanuliwa na Wamarekani. Tangu Sheria Namba 11 ya mwaka 2013, kila mkazi wa Dubai anapaswa kuwa na bima ya afya, na madai husafiri kwa mfumo wa eClaimLink kutoka hospitali hadi kwa mlipaji. Mlipaji hamwoni mgonjwa. Huona msimbo wa ugonjwa, na huulinganisha na huduma inayoombwa.

Mswahili naye ana jedwali lake la maradhi ya tumbo, la kale kuliko la Bertillon. Mwanamke akiumwa chini ya kitovu ana chango. Mwanamume ana ngiri. Anayetoka damu msalani ana bawasiri. Crohn, ambaye pamoja na Ginzburg na Oppenheimer waliueleza ugonjwa huu mwaka 1932 huko New York, hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo, na wagonjwa wengi hufika kwa daktari wakiwa wamekwisha jipa jina. Isitoshe, lugha yetu huyafunika mambo haya kwa makusudi. Tunasema haja, choo, msalani, huku chini. Huo si upungufu wa maneno. Ni adabu, na mtu mzima aliyelelewa vyema haivui kwa sababu tu ameingia chumba cha daktari.

Nilipata kulishughulikia jalada la mama mmoja kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Umri wake na mji wake naviacha. Alikuwa akiishi Dubai kwa mwanawe, ambaye ndiye aliyemlipia bima, na ndiye aliyemkalimania. Daktari aliuliza kama kuna tatizo jingine lolote. Mama alijibu kwamba choo kinamsumbua. Kijana akafasiri: tumbo linamsumbua. Hakudanganya yeyote kati yao. Daktari akaandika ugonjwa wa Crohn wa utumbo mpana, basi. Msimbo wake ukawa K50.10, na ombi la infliximab, dawa ya gharama kubwa inayotolewa kwa dripu, likarudishwa na bima. Kwa maandishi yaliyokuwepo, mgonjwa hakuwa na tatizo la kuihalalisha.

Alipolazwa baada ya wiki chache, alimkuta muuguzi kutoka pwani ya Kenya. Muuguzi alimwamkia shikamoo, kisha akamtuma kijana dukani akanunue maji. Walipobaki wawili, mama alisema: “Mwanangu, uchafu unapita mahali pasipokuwa pake.” Muuguzi akaliandika neno hilo kwa Kiingereza katika maelezo yake ya zamu, na hapo ndipo nilipolikuta.

Kanuni za kazi yetu haziniruhusu kutoa msimbo wa ugonjwa kutokana na maelezo ya muuguzi. Ugonjwa hutamkwa na tabibu. Ninaloweza ni kumpelekea swali la maandishi, nalo lisibebe jibu ndani yake: maelezo ya zamu yanataja hali hii, tafadhali fafanua maana yake kitabibu, ikiwa ipo. Daktari mwanamke alimchunguza mama upya, ikapigwa picha ya MRI, na ikaonekana nasuri: njia iliyotobolewa na ugonjwa kati ya utumbo na uke. Msimbo ukawa K50.113, ukiongezewa N82.3 wa kutaja nasuri yenyewe. Ombi lilipelekwa tena, na dawa ikaruhusiwa.

Wasomi wetu hupenda kujadili kama Kiswahili kina istilahi za kutosha za tiba. Katika jalada hili istilahi hazikupungua. Nasuri ni neno letu la siku nyingi, ingawa masikio ya leo yamezoea zaidi fistula, na wakilisikia hulifikiria jeraha la uzazi na aibu inayobandikwa wanawake wanaoliugua. Kijana angeweza kuambiwa lolote kati ya maneno hayo mawili, na angelifasiri. Kilichokosekana ni mtu ambaye mama angeweza kumwambia. Mtoto wa kiume, hata awe na Kiingereza safi namna gani, hawezi kuwa mkalimani wa mwili wa mamake. Hospitali inayomwachia kazi hiyo kwa kuwa yupo na hadai malipo inakusanya sifuri.

Aidha, siioni misimbo kuwa adui wa adabu. Kwenye karatasi za bima alizozitia saini yule kijana paliandikwa K50.113, na mpaka leo sidhani kama anajua ile 3 inasema nini. Mama alitibiwa bila kulazimika kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mwanawe. Tarakimu ilimsitiri kama kanga inavyositiri. Lakini ili imsitiri, ilibidi kwanza awepo mtu mmoja wa kuambiwa, mwanamke mwenziwe, mlango ukiwa umefungwa.