Taa niliyoifunika kwa plasta

Mimi ni kijana wa miaka 24, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, naishi hapa Nakivale, Uganda, tangu 2018. Sekondari nilimaliza, chuo sikupata. Kambini ninajitolea kama mhamasishaji wa afya, na siku ambazo siitwi ninajifunza ufundi wa magari kwa Mzee mmoja. Leo naandika kosa langu mwenyewe.

Kuna Papa mmoja jirani yetu ana basi dogo la mazutu, yaani dizeli. Mchana linabeba abiria kwenda Mbarara, usiku likiitwa linabeba wagonjwa. Mwaka jana lilianza kutoa moshi mweusi, na kwenye mlima likawa linapanda kama mtu mwenye pumu. Mzee alifungua bomba la kuingizia hewa, akaniita nione. Pale pa kupita vidole vitatu palibaki pa kupita kidole cha mwisho. Masizi yalichanganyika na oili, yakaganda kama ukoko wa ugali.

Ugonjwa ulianzia kwenye vali inayoitwa EGR. Kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi unaotoka kwenye injini na kuurudisha ndani, uchanganyike na hewa mpya. Mimi nilicheka: nani anakula alichotapika? Mzee akanieleza. Moshi ule una oksijeni kidogo, kwa hiyo unapunguza joto la moto ndani ya silinda. Joto likizidi sana, naitrojeni ya hewani inaungana na oksijeni, inatokea gesi inayowasha njia ya pumzi na kuamsha pumu. Sasa vali ya Papa ilikuwa imekwama wazi. Injini ilikuwa inarudishiwa moshi mwingi, hewa haitoshi, ndo maana ilikosa nguvu.

Dawa yake ni kuitoa, kuikwangua, kuiosha na kuweka gaskiti mpya. Kazi ya siku nzima. Papa hakutaka kupoteza siku. Kesho yake Mzee alienda msibani, Papa akanijia mimi.

“Mdogo yangu, si kuna njia ya kuziba tu? Wengine wanaziba.”

Akanionyesha shilingi 30,000. Nyumbani hatukuwa na sabuni wala unga. Nikakata bati kwenye kopo la mafuta ya kula ya msaada, nikalikunja mara mbili, nikaliweka kati ya vali na bomba. Masizi nikakwangua pale tu mkono ulipofika, nikafunga bolti. Gari likavuta! Moshi mweusi ukapungua kweli, sitawadanganya. Vijana wa stendi wakaanza kuniita injinia.

Ila kwenye dashibodi ikawaka taa ya injini, ile ya njano, na haikuzima tena. Kompyuta ya gari ilikuwa inajua kwamba njia imefungwa. Papa akasema taa inamsumbua macho usiku. Nikatoa plasta kwenye mfuko wangu wa huduma ya kwanza, nikaifunika.

Wiki tatu baadaye, saa nane usiku, nikaitwa. Dada mmoja, mimba ya kwanza, uchungu tangu jioni, na alitakiwa apelekwe hospitali. Nikampigia Papa, akaja haraka. Tulipokuwa kwenye mlima, nyumba za mwisho tumeziacha nyuma, injini ikaanza kukohoa, ikalegea, ikazima. Papa akajaribu kuwasha mara nne. Yule dada alikuwa ameshika mkono wangu, ananiuliza, “Kaka, tumefika?”

Chujio la mazutu lilikuwa limejaa uchafu, mafuta hayafiki injini vizuri. Kwenye gari kama lile, presha ya mafuta ikishuka taa ya injini inawaka. Ni taa ileile moja kwa makosa mengi. Kama ilitaka kutuonya siku zile, ingetuonyaje? Ilikuwa inawaka tayari kwa sababu ya bati langu, na juu yake kuna plasta yangu.

Baada ya karibu saa moja lori la ndizi likapita, dereva akampakia mbele. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mzima. Baba yake alinishukuru mbele ya watu. Sikuweza kumwangalia usoni.

Mzee aliporudi nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alisema tu, “Fungua.” Bati lilikuwa limeungua pembeni, limetoboka. Nikakwangua vali na bomba tangu asubuhi mpaka jua likainama, na gaskiti nikainunua kwa pesa yangu. Mzee akaazima mashine ya kusoma makosa, akaifuta ile kumbukumbu. Taa ikazima, moshi ukawa mdogo, nguvu ikarudi. Kumbe gari lingepona bila bati!

Mzee akaniambia, “Moshi mweusi unauona, unaukimbia. Ile gesi nyingine huioni, na watoto wanaocheza stendi wanaivuta.” Na si sisi wa garaji za kambini tu. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli kama milioni 11 yaliwekwa programu iliyoficha gesi za aina hiyohiyo wakati wa kupimwa. Wao walikuwa na maabara, mimi nilikuwa na kopo la mafuta.

Sisemi kila gari lililozibwa litazima njiani. Lakini wewe kijana unayejifunza ufundi, mteja akikwambia ziba tu, muulize nani atapanda gari hilo usiku. Na nyinyi wa mashirika, mnatupa spana na cheti, tunashukuru. Tuongezeeni mashine ya kusoma makosa kwenye garaji za mafunzo, maana bila hiyo tunabahatisha, na kubahatisha kwetu kunabeba wagonjwa.

Ile plasta niliibandua mwenyewe. Iliacha gundi kwenye dashibodi, na Papa mpaka leo hajaifuta. Kila nikipanda naiona.