Fimbo Kumi na Nne na Mabati Ishirini

Najua mtakapoliona neno gofu wengi wenu mtaulizana, "Mwalimu huyu amepatwa na nini?" Huku kwetu Ubwari hakuna uwanja wa gofu. Tuna ziwa mbele, milima nyuma, na mihogo katikati. Baraka hakuna, wala Fizi hakuna. Mtu wa Kongo akilisikia jina la Golf, labda aukumbuka mtaa ule wa Lubumbashi, wala hajiulizi jina lilitoka wapi. Lakini mimi nimeucheza mchezo huo miaka mitatu, nikaupenda kupita kiasi, na kwa ajili yake nikamdanganya mama yangu. Nataka kuwasimulieni habari hiyo, maana naona wako wengine wanaotaka kununua vitu vya namna hiyo, iwe gitaa, iwe viatu vya mpira, iwe nyavu.

Mwaka 2016 kaka yangu aliugua huko Kampala, nami ukoo ukaniagiza niende kumwuguza. Nikapita Uvira, Bujumbura na Kigali, nikafika na begi moja. Seminari ilikuwa imenipa Kifaransa kizuri na Kilatini kidogo, lakini sokoni Kampala hakuna aliyenipa mkate kwa Kilatini changu. Jirani yetu mmoja alikuwa akifanya kazi ya ukedi, yaani kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, katika uwanja wa Kitante, ulio bondeni kati ya vilima vya Kololo na Nakasero. Uwanja huo ulianza mwaka 1908. Ule wa Entebbe ni wa zamani zaidi, wa mwaka 1901. Basi jirani akanipeleka, nikajaribiwa, nikapewa mfuko wa kwanza. Siku ile miguu iliniuma kama mtu aliyepanda mlima wa kwetu mara mbili na gunia la mihogo.

Kwa wale wasioujua mchezo wenyewe, nitasema kwa ufupi. Mpira ni mdogo, upana wake hupita kidogo milimita 42, na uzito wake haufiki gramu 46. Shimo lina upana wa milimita 108, nayo mashimo ni 18. Mshindi ni yule aliyepiga mara chache. Fimbo ni nyingi kwa sababu kila moja ina uso ulioinama kwa kadiri yake: ile iliyosimama hupeleka mpira mbali na chini, ile iliyolala huurusha juu ukaanguka karibu. Zamani wengine walibebesha watu fimbo zaidi ya ishirini, mpaka sheria ikawekwa, Marekani mwaka 1938 na Uingereza mwaka 1939, kwamba mtu asichukue zaidi ya 14. Tafadhali lishikeni neno hilo. Sheria yasema zisizidi 14. Haisemi popote kwamba zisipungue.

Jumatatu asubuhi, wachezaji walipokuwa wachache, sisi makedi tulipata nafasi ya kucheza. Niliazima chuma namba saba cha mwenzangu, na weji ya mwingine, na fimbo ya kusukumia shimoni, ambayo wao huiita puta, ya mtu wa tatu. Hivyo nilikuwa napiga kwa fimbo za watu watatu, na kila mara namngoja mwenyewe amalize. Mwanzo nilipiga 130 na zaidi. Baada ya mwaka mmoja nikafika 105, na siku moja njema nikapata 98. Hapo ndipo ugonjwa uliponishika. Nilijiambia: kama kwa fimbo za kuazima nimefika 98, nikiwa na zangu mwenyewe itakuwaje?

Wakati huohuo nilikuwa na fedha nimeziweka. Nyumba ya mama huku Ubwari ilikuwa ya nyasi, nazo zimechoka, na mimi nilikuwa nimemwahidi mabati 20. Kwa bei ya Baraka ya siku zile, hesabu yangu ilikuwa dola 160 hivi, yaani karibu shilingi 600,000 za Uganda. Nilikuwa nimezitimiza zote, senti kwa senti, kwa kubeba mifuko ya watu juani.

Ndipo akatokea bwana mmoja aliyetaka kuuza fimbo zake kwa kuwa amenunua mpya. Zilikuwa 14 kamili, katika mfuko wa ngozi nyeusi wenye zipu zisizokwama. Vyuma vyake vilikuwa vyembamba, vimefuliwa vizuri, vinang'aa kama vyombo vya arusi. Alitaka 900,000. Nikamwambia nina 600,000. Akasema, "Hapana shida, hizo nyingine utanilipa 50,000 kila mwezi kwa miezi sita." Nilitoa fedha zile palepale. Hata kuzijaribu sikuzijaribu, ila nilizitikisa hewani mara mbili kama mtu anunuaye jembe.

Mama alipopiga simu kuuliza habari za mabati, nilimjibu ati bei imepanda, angoje kidogo. Mama huniita Baba, maana nimechukua jina la babake. Alisema tu, "Vema, Baba, tutangoja." Mvua zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Sasa sikilizeni matokeo. Jumatatu ya kwanza nilipiga 108. Ya pili 111. Nilisema fimbo ni mpya, mkono haujazoea. Ya tatu nilipoteza mipira saba majanini, na ile ndefu kuliko zote, iitwayo draiva, kila nikiipiga mpira ulikwenda chini na kukata kulia, kama mbuzi aliyekimbia kamba. Vyuma navyo vilipeleka kushoto. Makedi wenzangu walicheka kwa adabu, lakini walicheka.

Palikuwapo mzee mmoja, kedi wa miaka mingi, ambaye macho yake yaliona zaidi ya waalimu wengi. Akaniuliza, "Mwalimu, fimbo hizi umejinunulia wewe, au umemnunulia yule bwana?" Sikuelewa. Akaleta kipande cha ubao, akabandika utepe chini ya kichwa cha chuma namba saba, akaniambia nipige mpira juu ya ubao ule. Tulipoigeuza fimbo, alama ya mkwaruzo ilikuwa upande wa kisigino, karibu na mpini. Maana yake, ncha ya kichwa ilikuwa imeinuka hewani, na fimbo ya namna hiyo hupeleka mpira kushoto. Yule bwana alikuwa mrefu, na mipini yake imerefushwa. Mimi ni mfupi, kama mnijuao mnavyojua.

Kisha akaniomba chaki, kwa kuwa alijua nafundisha watoto jioni na sikosi chaki mfukoni. Akaipaka kwenye uso wa fimbo, nikapiga mara kumi. Alama za mpira zilitapakaa kama nyayo za kuku: mbili tu katikati, nyingine kwenye ncha, nyingine chini. Alisema vyuma vyembamba vya namna ile humpa fundi raha kubwa, kwa sababu fundi hupiga katikati kila mara. Asiyekuwa fundi akikosa kidogo tu, kichwa hugeuka mkononi, mpira hupotea. Tena mipini ilikuwa migumu, ya mtu mwenye mkono wa kasi. Mkono wangu si wa kasi hiyo, kwa hiyo mpini haukuwa ukinisaidia hata kidogo.

Baadaye nilisoma habari za Karsten Solheim, nami nikampenda sana mtu huyo. Alizaliwa Norwei mwaka 1911, akachukuliwa Marekani angali mtoto, akashona viatu kabla ya kuwa fundi wa mitambo, na gofu aliianza akiwa na miaka 42. Alipoona hawezi kuutia mpira shimoni, hakujilaumu peke yake, aliitazama na fimbo. Mwaka 1959 akatengeneza puta yake, akiweka uzito kwenye ncha mbili badala ya katikati, na kwa mlio wake akaiita Ping. Baadaye akafanya vivyo hivyo kwa vyuma: akachimba mgongo wa kichwa, uzito akausukuma pembeni, ili mwenye kukosa katikati asiadhibiwe vikali. Fimbo za watu kama mimi zatoka katika wazo hilo. Nami nilikuwa nimelipa 600,000, na deni juu yake, ili nisizipate!

Mvua zikaja. Dada yangu akanipigia simu usiku akasema mama amehamisha kitanda mara tatu, na sasa analala kwa jirani. Hakunilaumu. Alidhani mabati yamepanda bei kweli. Usiku ule niliutazama ule mfuko wa ngozi ukiwa umesimama pembeni pa chumba chetu, mkavu kabisa. Asubuhi nikampigia mama nikamweleza yote, na neno gofu ilinibidi nilieleze mara mbili. Alikaa kimya mpaka nikafikiri vocha imekwisha. Halafu akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba umezitumia. Mimi ningekata nyasi mapema."

Neno hilo la nyasi liliniuma kuliko matusi. Angalikuwa na paa lake kabla ya mvua kama si uongo wangu.

Niliziuza zile fimbo. Mnunuzi alikuwa kijana mrefu mwenye nguvu, zikamfaa. Alinipa 520,000 kwa 13, ile draiva akaikataa. Fedha hizo zote nilizituma nyumbani zikanunua mabati 17 na misumari. Matatu yaliyobaki niliyatuma mwezi uliofuata. Deni la yule bwana nililipa miezi sita kama tulivyopatana, kwa fimbo ambazo sikuwa nazo tena. Sijapata kulipa deni gumu kama lile.

Je, niliacha kucheza? Hapana. Mzee aliniambia nihesabu mipigo yangu kwanza. Siku ile ya 98 nilikuwa nimeiandika karatasini: 39 kati ya hizo nilipiga kwa puta. Basi puta ndiyo niliyonunua kwanza, kuukuu, kwa 40,000, nikaichagua kwa kusimama na kutazama kama inakaa bapa chini pasipo kunilazimisha kuinama. Baada ya miezi miwili chuma namba saba chenye mgongo uliochimbwa, 35,000, mpini laini. Niliukodolea jicho mpini ule toka juu hadi chini kama seremala atazamavyo ubao, nione kama umepinda, nikakagua mahali unapoingia kichwani kama pana ufa. Mpira wa kushikia ulikuwa umeisha, lakini huo hubadilishwa kwa fedha kidogo, wala usiwatishe. Kisha weji. Kisha namba tisa na namba tano. Mtu anayeendelea kujifunza hana haja ya kila namba: kati ya namba moja na inayofuata tofauti ni kama mita kumi, na mimi hata mita kumi sikuweza kuzilenga. Mwisho nikapata fimbo mbili za kichwa kinene za kupeleka mbali. Saba tu jumla, kwa mwaka mmoja na nusu, bila deni hata la shilingi moja. Nikashuka hadi 94, kisha 91.

Wavuvi wa kwetu walijua haya kabla yangu. Wavu wa ndagala hauvui mikeke vizuri, na kijana anayeanza hanunui nyavu zote siku moja ati kwa sababu mwenye mtumbwi mkubwa anazo. Huanza na ule atakaoutumia usiku wa leo.

Tena yuko Seve Ballesteros wa Uhispania. Utotoni alijifunza kwenye mchanga wa ufuko wa Pedreña kwa fimbo moja, chuma namba tatu. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open kule Nairobi, na mwaka uliofuata akashinda yale makubwa ya Uingereza. Makedi wa Kitante walipenda kumtaja kila mtu alipolalamika kwamba hana fimbo za kutosha.

Nilirudi Ubwari mwaka 2019, kaka akiwa mzima. Fimbo tano niliwaachia vijana wa Kitante, nikaja na chuma namba saba na weji. Jioni, ziwa likitulia, huenda ufukoni mahali pasipo nyavu zilizoanikwa, nikapiga mipira sita niliyo nayo. Watoto hushindana kuikimbilia, na mmoja wao, asiyefika kifuani kwangu, amejichongea fimbo ya mti na kupiga kokwa za ngazi kwa unyofu unaonitia wivu.

Na ile draiva niliyokataliwa? Nilikuja nayo pia, kwa kuwa hakuna aliyeitaka hata bure. Nilipoingia nyumbani mama aliipokea, akaupima urefu wake kwa macho, akaniuliza kama yafaa kuangulia maembe. Nikamwambia yafaa sana. Imesimama nyuma ya mlango wake mpaka leo, chini ya mabati.