Mwavuli wa Salfa

Juzi tulikuwa Jambiani tukimsinga bibi harusi. Joto lilikuwa kali hata hina haishiki kwa jasho. Mama mmoja, mkulima wa mwani, akatuuliza: "Ati kweli Wazungu wanataka kulipunguza jua?"

Tulicheka. Kisha tukashika simu tukasoma, kicheko kikakatika.

Jua lenyewe haliguswi. Wazo ni ndege zipande hadi stratosfia, kama kilomita 20 juu, zimwage gesi ya salfa. Gesi hugeuka vichembe vidogo mno vinavyorudisha sehemu ya mwanga wa jua, dunia ikapoa. Wameliona kwa volkano: Juni 1991 mlima Pinatubo, Ufilipino, ulirusha juu tani milioni 15 hivi za gesi hiyo, na mwaka uliofuata joto la dunia likashuka karibu nusu digrii. Vichembe vilipoanguka, joto likarudi.

Hapo ndipo tuliposita. Hewa ya ukaa haiondoki. Tumejitandia mwavuli tu. Ukifungwa ghafla baada ya miaka mingi ya moshi kuzidi, joto lililozuiliwa linarudi kwa kishindo. Bahari nayo inazidi kuwa na asidi vilevile. Na mvua zinaweza kuhama, nasi tunaopanga harusi kwa kukwepa masika tunajua mvua ikipotea njia inakuwaje.

Lakini hatuthubutu kuliita wazo hili upuuzi mbele ya yule mama. Mwani mnene, ule wenye bei, unamfia kwenye maji machache yaliyopata moto. Kuufuata kwenye kina anaogopa, hajui kuogelea. Kwake nusu digrii ni ada ya shule.

Tulimsimulia pia habari za Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini ya Ulaya. Mwaka 2021 baraza lao lilipinga jaribio la puto la watafiti wa Harvard huko Uswidi, likisema hawakushauriwa. Safari ile ikaahirishwa, na 2024 mradi ukafungwa. Mama akatikisa kichwa: "Hao wana baraza. Sisi wa mwani watatuuliza wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Somo akaomba liwa iongezwe maji ya marashi, maana ilishaanza kukauka.